Kadi Ambayo Haijatangazwa

Uko wapi wewe? Soma haraka, nimejificha stoo ya duka.

Unakumbuka ule uvumi niliouandika kwenye grupu la wacheza gemu, kwa ile laini yangu ya pili? Kwamba inakuja kadi mpya ya grafiki ya laptopu, bado haijatangazwa, moto wa kuotea mbali? Nilikuwa nakisia tu, ndugu yangu. Nakisia!

Sasa bosi kafuta oda nzima ya laptopu. NZIMA! Eti zitapitwa na wakati kabla hazijafika.

Nikamwambia, "Bosi, huo ni uvumi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe unajua nini kuhusu kadi? Aliyeandika ni mtu wa kiwandani."

Kiwandani! Mimi!

Kaipata namba ya ile laini yangu ya pili, anataka ampigie huyo "mtu wa kiwandani" amuulize inatoka lini.

Mungu wangu. Simu yangu inaita.