Poda Yenye Ilibakia

Yaya Rachelle wa kule Lubudi,

Huku Mutoshi mvua imechelewa, lakini mama iko muzuri. Mudogo wetu Jémima bamemukubali ku université ya Lubumbashi, ile ya concours ya nguvu. Unakumbuka, ku première ya humanités, mwaka wa kwanza wa secondaire, alipataka 38 %. Tata alisemaka akianguka, masomo kwisha. Basi mi njo nilitiaka signature ya tata ku ile bulletin ya ma-points, yeye hakuionaka.

Jana ku fête Jémima akaleta ma-bulletin yote. Tata akaangalia ile moja.

“Hii mukono ya nani?”

Nikaangalia chini. Tata akamumwangia Jémima poda ku kichwa, vile banafanyiaka mwenye kupita mitihani. Kisha akanikaribia.

“Na weye, muongo.”

Akanimwangia yote yenye ilibakia.

Sijanawa kichwa bado.

Mudogo wako Stany