Nikienda Kisumu, Nazi Atakuna Nani?

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Hapa Msambweni tu wazima, na mimi nimezidi uzuri, majirani ni mashahidi. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu mama anasikia kila kitu.

Tajiri wangu wa hoteli ya Diani anafungua nyingine Kisumu, anataka nikawapikie wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mshahara mnono, na nyumba ya bure.

Ila kuna jambo mama alinikataza kukwambia. Tangu aanguke uani, goti lake halikunjiki. Nazi nakuna mimi, mwanamume mzima juu ya mbuzi ya kukunia, mlango nimeufunga nisichekwe.

Jana nilimweleza habari za Kisumu. Akasema, "Nenda baba, mimi mzima."

Nikamwambia, "Haya, inuka unisindikize mpaka mlangoni."

"Huna adabu wewe. Mkubwa ndiye anayefuatwa."

Tukacheka, kisha nikamwona anafuta machozi.

Dada, njoo ukae naye, mimi niende. Usipoweza sitanuna, nitabaki, na watu wa Kisumu wataendelea na ugali wao.

Msalimie shemeji. Mwambie mke namuazima tu.

Nduguyo,
Athumani