Sizimi Kengele

Jumanne, 4 Machi
Zamu ya asubuhi, ICU. Kitanda cha dirishani: Mzee Makokha, mkata miwa wa Butali. Aliteleza juu ya trela ya miwa, mbavu zikavunjika, mapafu yakaumia. Sasa mashine inampumulia. Nimemgeuza, nimemsafisha mdomo, nimekagua mpira ulioingia kooni. Namba kwenye skrini nzuri. Siziamini peke yake. Natazama na kifua.

Mkewe, Mama Nafula, kauliza kama mzee anasikia. Nimemwambia aendelee kumwongelesha.

Jumapili, 9 Machi
Nimekasirika sana.

Saa ya kuona wagonjwa, kanisa lao lilikuja. Hapa wodini kuna desturi: pasta akianza maombi, kengele za mashine zinanyamazishwa. Heshima, wanasema. Ikilia tena, inabonyezwa tena. Leo aliyebonyeza ni Evans, muuguzi mwenzangu. Mimi nilikuwa kitanda cha pili. Nikaona kifua cha mzee hakipandi vizuri. Namba bado nzuri, lakini namba huchelewa. Zikianza kushuka, mtu ameshakosa hewa. Nikapenya katikati ya watu, nikamsukuma pasta kwa kiwiko, nikafyonza makohozi mazito yaliyokuwa yameziba mpira. Kifua kikapanda.

Sala ilikatika katikati. Mama mmoja akasema nina pepo. Haya, ninalo. Linajua kufyonza makohozi.

Jumatatu, 10 Machi
Sista Joyce, msimamizi wetu, kaniita ofisini. Kanisa limelalamika kwa wakubwa. Anataka niwaombe radhi. Si mtu mbaya. Amechoka; familia zikikasirika, anayeitwa ni yeye. Anasema dakika mbili haziui mtu. Nikamwambia zinaua. Anasema wenzangu wote wananyamazisha. Basi wote wanakosea. Kwa kile kiwiko, labda nitaomba radhi. Kwa kengele, hapana.

Amesema nitahamishwa. Wanihamishe.

Nimefika nyumbani Lurambi, nikala obusuma baridi, ugali wa jana, nikalia jikoni. Naipenda ICU. Kuondolewa kutaniuma sana. Lakini radhi kwa kengele siombi.

Jumatano, 12 Machi
Evans haniongeleshi. Chai amejipikia peke yake.

Alhamisi, 13 Machi
Mama Nafula kanivuta kando. "Sista, hii mashine ikirianga hivi, inakuwanga inataka nini?"

Nikamweleza. Wakati mwingine makohozi, wakati mwingine mzee anauma mpira, wakati mwingine mpira umechomoka. Nikauweka mkono wake juu ya kifua cha mumewe, ahisi kikipanda na kushuka. Nikamwambia na kilichotokea Jumapili. Hakuutoa mkono kifuani kwa mzee. Sikujua kama amenikasirikia mimi au nani.

Jumapili, 16 Machi
Kanisa tena, wengi kuliko wiki jana. Pasta akanitazama, akaitazama mashine. Evans akanyoosha mkono kwenye kitufe. Nikasimama kati yake na mashine. Nilijua naonekana mkorofi. Sikujali.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Nafula akasema, kwa sauti ya kufukuza kuku jikoni: "Iache irie! Nyinyi endeni muombe korido. Mungu anasikianga hata huko."

Wakatoka. Wakaimba huko mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakaitikia. Pasta alibaki peke yake, mkono juu ya mguu wa mzee, akiomba kimya. Kengele ikalia. Mzee alikuwa anauma mpira, nikamrekebisha. Pasta hakufungua hata jicho.

Jumatatu, 17 Machi
Wamenihamisha hivyo hivyo. Wodi ya wanaume, kuanzia kesho. Sista Joyce alinipa habari bila kunitazama.

Kabla ya kutoka nilimkabidhi Evans kitanda cha dirishani, polepole, kitu kimoja kimoja. Nikamwambia akinyamazisha nitajua. Nitajuaje, hata mimi sijui. Akaitikia.

Ijumaa, 28 Machi
Wodi ya wanaume. Vidonda, sindano, mashuka. Mchana wameleta mgonjwa kutoka ICU, ametolewa mpira, anapumua mwenyewe. Mzee Makokha. Amekonda, sauti inakwaruza. Hanijui kabisa.

Nilimpa uji. Akaonja, akanikazia macho. Uji hauna sukari, akasema, na yeye amekata miwa maisha yake yote.

Nikaenda kumtafutia.