Giza la Kona Nne

Juu ya studio,
chumba cha dirisha la barabarani.
Jumamosi, tarehe kumi na tisa, alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, leo nakiri kwanza ndipo nikujulie hali, maana najijua: nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe. Ni hivi. Ukurasa wa tisa wa kile kitabu kidogo kilichokuja na lenzi pana uliyotuletea, sikuuelewa. Baba aliniuliza umeandikwa nini, nikamjibu, "Wanasema hivi vyote vya kuvalisha mbele ya lenzi ni vya kukinga tu, havina shida." Hawakusema hivyo. Sijui walisema nini. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama, na hii ni wiki ya tatu.

Haya, sasa salamu. U mzima, Shangazi? Mgongo umetulia, au bado umeinamia meza kutwa nzima ukifungua kamera za watu? Na mapacha, kikohozi kimewaachia? Sisi huku miili haijambo. Mama anakata fremu, vidole vyake vimejaa plasta kama kawaida. Mdogo wangu Kijiti ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anatabasamu kwa mdomo uliofungwa, jambo ambalo katika nyumba ya mpiga picha ni aibu kidogo. Mimi pia mzima, isipokuwa kichwani, huko kumevurugika.

Shuleni naendelea. Unajua tunafundishwa kwa ile lugha nyingine, na hapa nyumbani wanaamini kwamba mtu akifaulu mtihani kwa lugha hiyo basi anaweza kusoma chochote kilichoandikwa kwayo, kuanzia chupa ya dawa mpaka hati ya mahakama. Mimi naweza kukueleza kwa lugha hiyo jinsi mmea unavyopumua. Lakini ukurasa wa tisa ulikuwa na habari za pete na hesi na unene wa filta, vile vioo vya kufunga mbele ya lenzi, na mchoro wenye mishale inayokwenda kila upande, na baba amesimama nyuma yangu na ile fahari yake, ananisubiri. Ningesema sijui, sauti ingetoka wapi? Wewe unanijua. Hata mwalimu akiita jina langu kwenye daftari la mahudhurio huwa nainua mkono tu.

Lenzi yenyewe baba aliipenda sana, usije ukadhani vinginevyo. Alisema sasa anaweza kuingiza kwaya nzima kwenye picha moja bila kurudi nyuma mpaka katikati ya barabara na kupigiwa honi. Alikuwa anaifuta kila asubuhi hata kama jana yake haikutoka kwenye mkoba.

Ile siku yenyewe ilikuwa ya wauguzi waliohitimu. Watu arobaini na watatu, wamejipanga kwenye ngazi za chuo chao, nyuma yao madirisha ya vioo, juu yao jua kali. Baba akaniambia, "Andaa lenzi, wewe ndiye uliyesoma." Nikaandaa. Filta ya kioo cheupe ilikuwapo tayari, ile uliyoifunga wewe mwenyewe ili lenzi isije ikakwaruzika. Juu yake nikazungushia ile nyeusi ya kuua mng'ao wa vioo. Kisha nikavalisha kile kikofia cha plastiki cha kuzuia jua, chenye masikio manne, mawili marefu na mawili mafupi. Nikazungusha mpaka kikagoma. Hakikulia "tik". Nilidhani kugoma kunatosha.

Unakumbuka baba anavyohesabu. Anaweka jicho kwenye kamera, analitembeza kona hadi kona, anasema kwa sauti mpaka walio mstari wa nyuma wasikie: "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tulieni." Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bwana Tulia. Siku ile pia alihesabu. Nilikuwa pembeni yake, nilimsikia. Akapiga mara tatu. Na kwa kuwa kioo cha nyuma cha kamera kilipasuka mwaka jana, picha hatuioni mpaka ifike kwenye kompyuta. Wakati inafika, wauguzi walikuwa wameshapanda magari, kila mmoja na kituo chake cha kazi.

Shangazi, kona zote nne zilikuwa nyeusi. Za chini zimekula viatu tu na kipande cha ngazi. Za juu zimekula watu. Mmoja ameingia gizani mpaka sikio. Mwingine, dada mrefu wa kona ya kushoto, amebaki nusu.

Huyo dada mrefu kapangiwa kazi hapa hapa mjini, kwa hiyo alikuja. Akaiweka picha mezani, akaizungusha ili baba aione vizuri.

"Mzee wangu, huyu hapa nani?"

"Ni wewe, mwanangu."

"Mimi nimesoma miaka mitatu mizima, mzee. Mbona umenihitimisha nusu?"

Hakusema kwa ukali, alikuwa anacheka hata. Wateja wengine nao wakacheka. Baba hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akatazama tena. "Nilipita kona zote," akasema. "Sikuona." Alisema vile kama mtu aliyeulizwa jina lake akalikosa.

Tangu siku hiyo hajagusa kamera. Anasema macho yameanza kufifia na hataki kungoja aharibu picha ya harusi ya mtu. Mama akamwambia, "Si uende ukapimwe kwanza, mume wangu?" Akajibu, "Nikapimwe nini tena? Picha si imeshanipima." Fundi cherehani wa mlango wa pili, yule mwenye futi ya kitambaa shingoni hata akiwa msalani, amethibitisha kwamba ni mtoto wa jicho, shemeji yake alianza hivyo hivyo. Sijui fundi cherehani amejulia wapi macho. Lakini baba alimsikiliza, na juzi kampa neno: Jumatatu asubuhi aingize cherehani zake mbili kwenye chumba cha kupigia picha. Pazia la bluu limeshashushwa na kukunjwa. Na lenzi amesema irudishwe kwako, maana kwake ni kumvisha kiatu mtu asiyetembea.

Sasa hapa ndipo ninapotaka akili yako, kwa sababu yangu imefika mwisho.

Alhamisi, baba na mama walipokwenda kumwona mgonjwa, nilitandaza shuka jeupe ukutani, nikafunga kila kitu kama siku ile. Nikapiga: kona nyeusi. Nikavua kikofia: bado nyeusi, ila kidogo. Nikavua filta ya juu: karibu kutakata. Nikasema, basi, ni mimi. Halafu kwa kiherehere nikavua na ile filta ya mwisho, lenzi ikabaki uchi, nikalifungua tundu lake la kuingizia mwanga mpaka mwisho, nikapiga tena. Konani kukawa na kivuli kama moshi! Yaani hata ikiwa peke yake ina giza lake? Nikalibana tundu, moshi ukaondoka. Nikarudisha vyote huku tundu limebanwa vile vile, giza likarudi na safari hii lina ukingo, kama limekatwa kwa mkasi. Niliandika yote kwenye daftari la hesabu. Nimelisoma mara sita. Kila nikilisoma napata mkosaji mwingine.

Na kuna jambo lililoniogopesha zaidi. Kabla ya kupiga ile ya kwanza, niliweka jicho kwenye kidirisha cha kutazamia nikapita kona zote nne, taratibu, kama baba. Sikuona kitu. Kona zilikuwa nyeupe kama shuka lenyewe. Sasa, Shangazi, macho yangu yana miaka kumi na sita. Je, nayo yanakufa? Au kile kidirisha hakionyeshi picha yote, kinaficha ukingo, na baba alitazama vizuri kabisa kitu ambacho hakikuwepo cha kutazamwa? Kama ni hivyo, basi hajapofuka, na sababu ya yeye kukunja pazia ni mimi.

Ila tena ni kweli gazeti analishika mbali siku hizi, mkono umenyooka wote. Na wiki iliyopita aliteleza kwenye ngazi ya mwisho. Lakini ngazi ile hata Kijiti huteleza. Unaona ninavyozunguka? Nikitaka iwe kosa langu, napata sababu ya kuniachilia. Nikitaka nisiwe mimi, napata daftari.

Ningependa unijibu: filta mbili kwenye lenzi pana ni kosa? Yale masikio marefu ya kikofia yanatakiwa yakae juu na chini, au ubavuni? Nilipokizungusha tena jana kwa nguvu kikalia "tik", na masikio yakawa yamehama kabisa kutoka yalipokuwa. Na kidirisha cha kamera yetu, wewe uliyewahi kuifungua, kinaficha ukingo au hakifichi?

Lakini jibu lako litachukua wiki mbili kufika, na Jumatatu ni keshokutwa. Hili nalo nimelijua tangu mstari wa kwanza. Nadhani nakuandikia wewe kwa sababu wewe uko mbali, na mtu aliye mbali hawezi kunitazama usoni ninapomaliza sentensi.

Nisalimie sana mapacha, waambie binamu yao anawadai picha yao wakiwa wamekaa tuli, kama inawezekana. Msalimie baba yao, na yule jirani yako bibi mshona sweta aliyenitumia soksi. Mama anakusalimu, hajui kama nakuandikia lakini angejua angekusalimu. Mungu akuwekee wepesi mikononi na nguvu mgongoni, akurudishe kwetu ungali unacheka.

Nasikia ngazi. Ni baba, anapanda polepole, amesimama kidogo pale kwenye kona ya kugeukia. Anakuja kuchukua boksi la lenzi, liko hapa chini ya kitanda changu. Barua hii nimeitumbukiza chini ya kitabu cha jiografia mara nne tangu mchana, kila mtu alipopita mlangoni. Sasa siitumbukizi. Iko mezani, imelala wazi, na daftari la hesabu liko kando yake.

Tatizo ni kwamba baba hasomi barua isiyo yake. Nikiiacha tu mezani atageuza uso kwa heshima, achukue boksi, ashuke. Kwa hiyo itabidi niseme. Ni maneno mawili. Nayaandika hapa kwanza ili mdomo uyazoee.

Baba, soma.

Ni mimi nikupendaye popote ulipo,
binti wa kaka yako.