Bampa la Chuma la Deusi

Mdogo wangu Paskazia,

Sisi tumefika Karagwe salama. Uliniuliza kama bampa la chuma alilofunga mwanao Deusi mbele ya gari lina faida. Jana, hapa Ihembe, alimgonga ng'ombe pekee wa bibi mmoja mjane. Ng'ombe alikufa palepale, akaacha ndama anayenyonya. Gari halikupata hata mkwaruzo.

"Mjukuu wangu, hukumwona?" bibi alimwuliza taratibu.

"Nilimwona, bibi. Nilidhani atapisha. Tena mbele nina chuma."

Nafasi ya kufunga breki ilikuwapo. Kabla ya chuma hicho, Deusi alikuwa akipunguza mwendo hata kwa ajili ya kuku.

Tulikwenda nyumbani kwa bibi kuomba radhi. Alituletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama apewavyo kila mgeni. "Karibuni," alisema. "Maziwa ndiyo sina tena."

Deusi alitafuna. Mimi nilizishika buni zangu mkononi hadi tulipoaga, huku ndama akilia nyuma ya nyumba.

Chuma kimelinda taa mbili. Mwite fundi aje kukifungua siku tutakayorudi.

Jifunike vizuri asubuhi, mdogo wangu; kifua chako hakivumilii baridi.

Kaka yako,
Anatoli