Mahali pa Kumwacha Lidet

Kotebe, Addis Ababa
Tarehe 3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi tele. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Debre Tabor? Ndama wa yule ng'ombe mwekundu ameshaacha kunyonya? Sisi huku tu wazima. Mkweo Asmare yuko njiani kwenda Djibouti na lori lake, anakuamkia. Mjukuu wako Lidet naye ni mzima, na ni habari zake ninazokuandikia, maana kwenye simu ningeshindwa kuzimaliza.

Tangu yule binti aliyekuwa akimlea aolewe, nilihangaika pa kumwacha nikienda kiwandani. Uliniambia nimlete kwako, na nilipokataa ukasema nimekuwa mtu wa mjini, nawapa wageni damu yangu waniangalizie. Sababu haikuwa hiyo, Mama.

Nikazunguka vituo vya kulelea watoto. Cha kwanza kilipambwa kama ukumbi wa harusi, ila midoli ilikuwa kabatini bado imo kwenye nailoni, na watoto wamekaa kimya ukutani. Nilipouliza wanacheza saa ngapi, mkuu akanijibu kwamba hapo watoto wana adabu. Nikaaga. Cha pili, mtoto alilia mpaka akachoka mwenyewe, asipatikane wa kumwinamia.

Ndipo jirani yangu Birke akanielekeza kwa Bi Tsige, nyuma ya mashine ya kusaga. Nilisikia makelele kabla sijafika mlangoni, nusura nigeuze. Ndani, watoto wamejipaka udongo hadi masikioni, mmoja amesinzia mgongoni kwa mlezi. Bi Tsige hakunisalimu mimi kwanza. Alipiga magoti, akamtazama Lidet usoni, akamwuliza, “Haya mrembo, unataka maji au udongo?” Lidet akaonyesha udongo.

Nilimwuliza yote: wanakula nini, nani anashika ufunguo wa geti, mtoto akiugua inakuwaje. Akanijibu bila haraka, kisha akaniambia nije siku yoyote, saa yoyote, bila kutoa taarifa. Nikaja kweli, siku tatu mfululizo, na kila mara nikamkuta Lidet mchafu na anacheka. Siku ya tatu Bi Tsige akaniambia mbele ya wenzake, “Wewe mama, leo umekuja kumkagua mtoto au kula shiro yetu?” Wakacheka, nami nikala.

Wiki ya pili akaniita pembeni. Alisema Lidet akiitwa kwa nyuma hageuki, lakini akimwona mtu usoni anaelewa kila kitu. “Mpeleke akapimwe masikio, mwanangu. Mimi si daktari, ila nimemwangalia.” Kliniki wakakuta masikio yote mawili yamejaa maji kwa ndani. Wakamtibu.

Sasa Mama, kaa chini. Lidet alikuwa hasemi. Hata neno moja, na miaka yake mitatu. Yule aliyekuambia kwenye simu siku ya Pasaka, na tena Krismasi, “Bibi, nakupenda sana,” ukasema mtoto ana akili kuliko umri wake, alikuwa Mahlet, binti wa Birke, wa miaka mitano. Nilimhonga biskuti. Ndiyo maana sikumleta kwako. Niliogopa watu waseme amelaaniwa, na niliogopa zaidi usije ukaamini. Nisamehe.

Jumanne iliyopita nilifika kumchukua, nikakuta mvulana mmoja amemnyang'anya mkate. Lidet akamvuta shati, akapaza sauti: “Wangu!” Mlezi aliyekuwa akimenya viazi akaangusha kisu. Bi Tsige akapiga vigelegele, watoto wote wakaiga, na yule mvulana kwa mshangao akaurudisha mkate mzima. Mimi nilijikuta nimeketi kwenye udongo na sketi yangu ya kazini, nacheka huku machozi yananitoka. Sasa ana maneno tisa. “Mama” lilikuja la nne, baada ya “mbuzi.”

Msalimie Baba, na shangazi Wude, na wote wanaoniulizia. Jumapili ukipiga simu, atakayepokea ni Lidet mwenyewe. Hatakuwa msemaji kama uliyemzoea. Mwite jina lake, kisha nyamaza kidogo, umsubiri.

Ni mimi binti yako, mwenye makosa na mwenye furaha,
Zenebech