Kocha Harlan na Mto wa Kituo cha Kwanza

Kocha Harlan kafukuzwa uwanjani leo, na kesho ndiyo mechi yake ya kuagwa! Ukifukuzwa unakosa mechi inayofuata. Kocha mkuu wa besiboli chuoni miaka thelathini na moja, kasahau!

Unamjua, Royce. Vijana wakilala, humchokoza mwamuzi makusudi ili afukuzwe, nao waamke kwa hasira. Tulikuwa tumefungwa tisa bila, akaenda kumfokea mwamuzi, Pettus.

Pettus akamwambia taratibu, "Mzee, rudi ukakae. Leo sikufukuzi."

"Unaniogopa?"

"Fikiria kesho, mzee."

"Kesho mpelekee mama yako! Nifukuze!"

"Sitaki."

Royce, mwamuzi anambembeleza mtu asijiharibie! Harlan akang'oa mto wa kituo cha kwanza, ule mfuko mweupe wanaoukimbilia wachezaji, akaukalia katikati ya uwanja. Pettus akafumba macho, akanyoosha kidole: nje.

Harlan akanipita mimi mtunza uwanja na reki yangu, kisha akasimama ghafla. "Lonnie, kesho si ndiyo ile?"

"Ndiyo ile, Kocha."

Vijana hawakuamka. Tukafungwa kumi na mbili bila. Kesho wachezaji wake wa zamani arobaini wanakuja, na yeye atatazama nje ya uzio wa waya, kwenye kiti changu cha kukunja.